Mbwa Mkubwa na Chungu Chake

Je, mwanadamu ana wajibu wa kumpikia mbwa? Swali hili huwachekesha wengi lisikiwapo kwa mara ya kwanza. Kicheko hicho kina sababu, maana mbwa katika Kiswahili ni tusi kama alivyo mnyama, na methali yaonya kwamba achezaye na mbwa ataingia naye msikitini. Walakini maswali ya adili hayapimwi kwa hadhi ya yule ambaye habari zake zaulizwa. Hupimwa kwa uzito wa kitu kinachodaiwa. Na kitu kinachodaiwa hapa ni chakula, ambacho katika uwanda wa kati wa Tanzania hapana mwenye akili timamu aliyepata kukifanyia mzaha.

Ugogo ni nchi ya mvua chache. Dodoma hupata msimu mmoja tu, toka Desemba hata Aprili, wenye kama milimita 500 hadi 600 za mvua, na mwaka ambao mawingu hupita bila ya kusimama ni mwaka wa dhiki. Wazee wa huko waliipa miaka ya njaa majina, kama watu wengine wawapavyo majina wafalme wao. Njaa iliyo kuu katika kumbukumbu ni Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi wa nchi kwa ajili ya vita vyao. Katika nchi yenye kumbukumbu hii, kuinjika sufuria kwa ajili ya mbwa si jambo dogo. Mwenye kuiinjika hana budi kuwa na hoja.

Mbwa wa zamani hakuhitaji hoja. Mbwa wa mfugaji wa Kigogo alikuwa mwembamba, mwepesi wa mbio, mwenye sikio lililo macho usiku kucha. Alikwenda malishoni pamoja na watoto waliochunga mbuzi, akabweka fisi alipolikaribia zizi, na jioni akapata ukoko wa ugali wa uwele au wa mtama, na mfupa siku ya mfupa. Kilichopungua alikitafuta mwenyewe porini. Mapatano kati yake na watu wa tembe yalikuwa ya kale na mafupi: linda, nawe utakula tulacho, kikipungua, tutapungukiwa sote. Mapatano hayo, ambayo mbwa aliyafunga na watu katika pande nyingi za dunia, yaligeuza hata mwili wake. Mwaka 2013 wataalamu wa elimu ya urithi walionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwa mwitu wa nchi za kaskazini aliye asili yake, ana nakala nyingi za jeni imwezeshayo kumeng'enya wanga. Maelfu ya miaka ya kula kando ya moto wa mwanadamu yameandikwa ndani ya mwili wake. Wasemao kwamba mbwa ni mla nyama tu, na kwamba nafaka ni udhalilishaji kwake, hawaijui historia ya tumbo lake.

Lakini mbwa aulizwaye habari leo ni mwingine. Serikali iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma. Uamuzi huo ukatekelezwa kwa kasi tangu mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Nyumba zenye kuta ndefu na malango ya chuma zilisimama mahali palipokuwa vichaka na mashamba, na nyuma ya kuta hizo wakaonekana mbwa wa namna nyingine: mbwa wa Kijerumani wa kuchungia, Rottweiler, Boerboel wa Afrika Kusini. Hawa ni mbwa wa kilo 35, 40, hata 60 na zaidi. Hawawezi kuishi kwa ukoko na panzi, wala ukuta hauwaruhusu kwenda kuwatafuta panzi hao. Hapa ndipo swali lipatapo uzito wake. Ukubwa wa mbwa hawa haukutokana na haja yao. Ulitokana na matakwa ya mwanadamu, aliyechagua kizazi baada ya kizazi madume na majike makubwa ili apate mnyama wa kazi nzito na wa kutisha. Aliyeutaka ukubwa ndiye aliyeiumba njaa yake, na muumba wa njaa ni mdaiwa wa chakula.

Njaa hiyo yahesabika. Mbwa mzima wa kilo 40 anahitaji kalori zipatazo 1,800 kwa siku, kiasi kisichopungukiwa sana na chakula cha mtu mzima. Nguvu hiyo ni sawa na iliyomo katika nusu kilo ya unga wa mahindi. Kwa mwaka ni kilo zipatazo 180, karibu na magunia mawili ya kilo 100, na mbwa hawezi kuishi kwa unga peke yake. Ni kweli kwamba mwili mkubwa hutumia chakula kwa uangalifu kuliko mwili mdogo: mbwa wa kilo 40 hali mara nne ya mbwa wa kilo 10, bali hupata karibu mara tatu. Lakini mara tatu ni nyingi kwa mwenye ghala tupu.

Juu ya deni hili watu wamegawanyika pande mbili. Upande wa kwanza wasema kwamba mbwa hana haki, basi na alishwe kilichokataliwa na watu: unga uliovunda, mahindi yaliyoota ukungu, matumbo mabichi yaokotwayo machinjoni. Uwekevu huu wafanana na busara, lakini ni dhuluma yenye gharama. Mwaka 2016 sumukuvu, itokanayo na ukungu katika nafaka, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo huliharibu ini la mbwa kama iharibuvyo ini la mtu, na moto wa jikoni hauiondoi. Ampaye mbwa mahindi ya namna hiyo hamlishi. Anamuua polepole, huku akijisifu kwamba hakutupa kitu. Kadhalika maini na mapafu mabichi ya mifugo huweza kuwa na vifuko vya maji vyenye mbegu za tegu. Tegu huyo hukua tumboni mwa mbwa, mayai yake hutoka pamoja na kinyesi, yakashika manyoya, mikono na maji, kisha yakaotesha vifuko vile vile katika maini na mapafu ya watu. Ugonjwa huo wajulikana sana miongoni mwa wafugaji wa Afrika Mashariki, hasa Waturkana wa Kenya. Basi amtupiaye mbwa nyama mbichi ya namna hiyo humdhulumu mbwa, na pamoja naye jirani na mtoto wake mwenyewe.

Upande wa pili humpenda mbwa kupita kiasi. Humpa kila kiliwacho mezani: pilau yenye vitunguu, nyama ya kukaanga, biskuti, chokoleti na matunda. Vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Chokoleti huushitua moyo wake. Na zabibu, mbichi au kavu, zaweza kuziua figo zake. Hapana mfano ulio wazi kuliko huu wa mwisho. Zabibu ni fahari ya mashamba ya Dodoma, tunda ambalo mgeni hupewa kwa heshima, nazo ni sumu kwa mlinzi wa mlango. Huruma isiyouliza mpewaji anaweza kupokea nini ni namna ya kujipendeza. Pande hizi mbili zaonekana kupingana, lakini kosa lao ni moja. Wa kwanza huutazama mfuko wake, wa pili huutazama moyo wake, na mbwa hatazamwi na yeyote.

Kumtazama mbwa ni kujua anachohitaji, na anachohitaji hakina fahari. Nafaka safi iliyopikwa ikalainika, iwe mchele, mtama, uwele au mahindi, hutosha kuwa sehemu ya chungu chake. Sehemu nyingine ni nyama ya bei ndogo iliyochemshwa mpaka ikaiva kabisa: utumbo, mapafu, moyo, au dagaa. Juu yake hutiwa boga, karoti au mchicha kidogo. Chumvi, pilipili na kitunguu havina kazi humo. Ini na liwe kidogo, kwa sababu vitamini A ikizidi hudhuru. Mifupa iliyopikwa isiwemo, maana huvunjika vipande vikali vyenye kutoboa matumbo. Nyama isiyo na mfupa haina madini ya chokaa ya kutosha, basi dagaa waliwao pamoja na mifupa yao, au ganda la yai lililosagwa laini, husaidia kulijaza pengo hilo. Mtoto wa mbwa mkubwa ana hesabu yake mwenyewe: hukua mwaka mzima au mwaka na nusu, na chokaa ikipungua au ikizidi, au chakula kikipita kiasi, viungo vyake hupotoka, kwa huyo daktari wa mifugo na aulizwe kabla ya sufuria kuinjikwa. Mbwa mzima agawiwe mara mbili kwa siku, wala asikimbizwe mara akiisha kula, kwa kuwa tumbo la mbwa mwenye kifua kirefu huweza kujaa hewa na kujipinda, akafa katika muda wa saa chache. Msomaji atambue kwamba katika chungu hiki hamna anasa. Mbwa hadai mnofu wala viungo. Adai usafi, kiasi na uangalifu, na mambo haya matatu hayamnyang'anyi mtu yeyote kinywani.

Hata hivyo iko hoja nzito kuliko kicheko. Katika nyumba nyingi zenye mbwa wakubwa, ampikiaye mbwa si mwenye mbwa. Ni msichana wa kazi, au mlinzi wa langoni, ambaye huenda ana watoto kijijini, Bahi au Chamwino, wasioonja nyama mwezi mzima. Hukoroga sufuria ya mapafu na mchele kwa mkono wake, akampelekea mnyama, kisha akarudi kula ugali kwa mlenda. Methali yasema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hapa mwenye njaa hupewa kazi ya kuisimamia shibe ya mwingine. Je, mkono huo umetendewa haki? Hapana mwadilifu awezaye kujibu ndiyo kwa haraka.

Jibu la kwanza lijalo ni kumnyima mbwa. Ni jibu jepesi na baya, maana mbwa hakuuandika mkataba wa mlinzi, wala njaa yake haitauongeza ujira wa mtu. Dini zifuatwazo na wengi nchini zapatana katika jambo hili. Waislamu husimulia habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na Maandiko ya Wakristo humhesabu mwenye haki kuwa ni yule aujaliye uhai wa mnyama wake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo yamtaka mwenye mnyama amtunze. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, hakukubali kwamba mwanadamu ana wajibu kwa mnyama moja kwa moja. Lakini alifundisha kwamba mtu mkatili kwa wanyama huuzoeza moyo wake ukatili kwa watu. Fikra hiyo yaweza kusomwa kwa upande wa pili pia. Ikiwa mtu humtendea mbwa wema huku akimdhulumu mpishi wa mbwa, wema wake haukumzoeza lolote.

Basi chungu cha mbwa ni kipimo cha vyungu vingine vyote vya nyumba. Fedha inunuayo nyama ya mbwa haina budi kutoka katika starehe ya mwenye mbwa, wala isitoke katika ujira wa watu wake. Awezaye kununua kilo za utumbo kila wiki kwa ajili ya ulinzi wa mali yake hawezi kudai kwamba hana la kumwongezea mlinzi. Akidai hivyo, mbwa aliyeshiba ni shahidi dhidi yake. Na asiyeweza kutimiza yote mawili, kumlisha mbwa kwa haki na kumlipa mtu kwa haki, asifuge mbwa mkubwa. Mbwa mdogo wa nchi, aliyezoea jua na ukame, hubweka vilevile mgeni afikapo usiku.

Uwanda wa kati waijua gharama ya ukubwa usiopimwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga huko Kongwa, wenye matrekta mengi na hesabu chache za mvua na udongo. Ulipoachwa mwaka 1951 ulikuwa umekwisha kula paundi zipatazo milioni 36. Ardhi haikuwa na hatia. Hatia ilikuwa ya watu waliotaka kikubwa kabla ya kuiuliza nchi yaweza kulisha nini. Mbwa mkubwa aletwaye uani bila ya hesabu ni Kongwa ndogo, ila hasara yake hulipwa na mwili wenye kuhisi.

Umebaki mtihani mmoja. Mbwa wakubwa huzeeka upesi. Wengi hawaipiti miaka kumi na miwili. Siku itafika meno yamechakaa, miguu ya nyuma haina nguvu, na kubweka hakumtishi mwizi. Kant mwenyewe alitoa mfano huu katika mafunzo yake, akasema kwamba mbwa aliyetumika kwa uaminifu astahili kutunzwa mpaka kufa kwake. Siku hiyo hesabu ya faida imekwisha kufungwa. Chungu kikiendelea kuinjikwa, hujulikana kwamba kilikuwa deni tangu mwanzo. Kikiondolewa jikoni, hujulikana kwamba kilikuwa gharama ya kazi tu, nayo kazi imekwisha. Na mlinzi wa langoni, ambaye miaka yake nayo inasonga, huona na kuelewa.