Bawa Bapa

Je, yafaa kumfundisha mtoto jambo lisilo kweli kwa kuwa laeleweka upesi? Katika somo la ufahamu tulizoea kueleza kwamba bawa la ndege limebinuka juu, hivyo hewa ipitayo juu hukimbia ili ifike pamoja na ya chini. Msichana mmoja akarusha ndege ya karatasi, akasema: “Mwalimu, bawa hili ni bapa, mbona laruka?” Tukanyamaza. Kumbe bawa lililoinuka kidogo mbele huisukuma hewa chini, nayo hewa hulisukuma bawa juu, kwa kanuni ya Newton ya mwaka 1687. Kesho yake tulikiri kosa mbele ya darasa zima. Wenzetu walinong'ona kwamba tumejivunjia heshima. Labda. Lakini msichana yule sasa hutuuliza hata habari za ngeli, na baadhi ya maswali yake tungali tukiyatafutia majibu.