Mgomba wa Babu na Haki ya Mjukuu

Wahenga walitufunza: usiache mbachao kwa msala upitao. Usemi huu wafaa kupimwa katika kihamba, shamba la nyumbani la Mchagga wa Kilimanjaro, ambako chini ya miti ya kivuli husimama migomba ya aina nyingi: ya ndizi za kupika, za kuiva na za kutengeneza mbege. Je, mkulima anayeing'oa migomba hiyo ili apande aina moja tu ipendwayo sokoni, amemkosea mtu?

Yatupasa kwanza kufahamu jinsi mgomba unavyozaliana. Ndizi tulazo, karibu zote, hazina mbegu. Chipukizi huondolewa shinani na kupandwa kwingine, nalo hurithi nguvu na udhaifu wa mama yake. Kwa hiyo shamba la aina moja ni kama mgomba mmoja uliorudiwa mara elfu. Ugonjwa unaoushinda mmoja huishinda yote. Ndivyo ilivyokuwa Amerika ya Kati. Ndizi ya Gros Michel, iliyotawala biashara ya dunia, iliangamizwa na kuvu wa udongoni, na katika miaka ya 1960 nafasi yake ilichukuliwa na Cavendish. Sasa Cavendish nayo inaandamwa na aina nyingine ya kuvu huyo, aliyegunduliwa Msumbiji mwaka 2013.

Kinga hutafutwa wapi? Watafiti wa Uganda na wenzao waliichavusha migomba ya nyanda za juu za Afrika Mashariki kwa chavua ya mgomba-mwitu wa Asia, ambao tunda lake limejaa mbegu na halifai kuliwa. Vizazi vilivyofuata vilipata uwezo wa kustahimili ugonjwa wa majani uitwao sigatoka nyeusi, na mwaka 2021 Tanzania iliidhinisha aina nne zilizotokana na kazi hiyo. Mmea uliodharauliwa ukawa msaada.

Wapo watakaosema kwamba njaa haimngoji mjukuu. Ni kweli, wala hatuna haki ya kumlaumu maskini auzaye kinachonunuliwa. Anayepanda aina mpya hamkosei mtu. Inayokosea ni jamii iachayo shina la mwisho la aina ya zamani life bila kujali. Mzigo uliomzidi mmoja hauna budi kubebwa na wengi: vituo vya utafiti vihifadhi, shule zipande, na kila kaya ibakize japo shina moja pembezoni. Aina hizi si mali yetu ya kutapanya. Ni amana ya waliotutangulia, nasi tutaulizwa na watakaotufuata.