Mwili wa Mama Katika Siku za Kipupwe



Kipupwe kimefika tena. Alfajiri ukungu hushuka kutoka milima ya Usambara hata bondeni Korogwe, na huku Handeni upepo wa kusi huingia nyumbani kwa kila tundu. Najua watu wa ng'ambo wakisikia twalalamika kwa baridi ya Handeni watacheka, maana hatuna theluji wala barafu. Na wacheke. Nyumba yenye watu saba na mablanketi matatu ina baridi yake.

Nilipokuwa chuoni mwalimu wetu mmoja, mtu wa Ulaya, alitueleza kwamba kwao, zamani za wakulima, majira ya baridi yalikuwa majira ya kupunguza kazi. Mavuno yamo ghalani, kuni zimepangwa ukutani, shamba limefunikwa na theluji, na watu wa nyumba hukaa karibu na moto wakishona na kutengeneza vyombo. Nalisikia habari hiyo kama hadithi tu. Nilipopewa usharika ndipo nilipofahamu tofauti yake na kwetu. Kwetu baridi huja pamoja na mavuno. Masika huisha, mahindi hukauka shambani, na mama huenda kuyavunja asubuhi penye umande, nguo imelowa hata magotini, mtoto yu mgongoni. Kisha huyabeba, huyapukuchua, huyaanika, na jioni huyaanua kabla ya ukungu. Basi kazi iliyo nzito na baridi iliyo kali humwangukia mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo nataka kuuliza swali ambalo yamkini wengine wataliona jepesi. Je, mama akiutunza mwili wake mwenyewe, akala akashiba, akalala alipougua, akajifunika blanketi, amewadhulumu watoto wake? Midomo yetu itajibu upesi, La, hasha. Lakini desturi za nyumba zetu hujibu, Ndiyo. Nami nalijibu hivyo mbele ya watu wote, tena mimbarani.

Mwaka jana, mwezi wa Juni, nalihubiri habari za upendo. Nikatafuta mfano, nikamwona mama mmoja ameketi benchi la tatu, nikamtaja. Nikasema, Mtazameni mama huyu. Huamka kabla ya jogoo, hula baada ya wote kushiba, blanketi lake amewapa watoto, naye hujifunika kanga mbili. Wala sijamsikia hata siku moja akisema amechoka. Wanawake wakapiga vigelegele. Yeye akainamisha kichwa. Nalidhani ni kwa unyenyekevu. Kumbe alikuwa akizuia kikohozi.

Alikuwa amekohoa majuma mawili. Mwinjilisti wa mtaa ule alimwambia, "Mama, nenda zahanati." Akajibu, "Mwalimu, ni mafua tu ya baridi. Tena Mchungaji amekwisha kusema mimi sichoki. Nikilala leo, watu watasemaje?" Neno hili mwinjilisti aliniambia baada ya siku nyingi, naye alilisema akitazama chini, kwa kunistahi. Mama yule alipopelekwa hospitali hakuweza kumaliza neno moja pasipo kutweta. Daktari akasema ni kichomi, yaani nimonia. Alilala huko siku kumi na mbili, na kwa rehema za Mungu akapona.

Lakini alipolazwa yeye, kazi zake hazikulala. Zilimwangukia binti yake wa miaka kumi na mitatu, aliyekuwa darasa la sita. Akaacha shule majuma sita, kwa kuwa hata mama aliporudi nyumbani hakuweza kubeba ndoo. Mtoto anyonyaye aliachishwa ghafula, akakonda. Mahindi yaliyobaki shambani yaliliwa na panya na mchwa. Gunia moja na mbuzi mmoja viliuzwa ili kulipa gharama. Nalipoyahesabu hayo yote nikajiuliza, Je, lile blanketi walilopewa watoto, limewaletea faida gani?

Liko na jambo la pili, nalo ndilo lililonichoma zaidi. Nilikwenda kuwatazama. Katika nyumba ile naliona mablanketi matatu. Mawili ni ya watoto, nao hulala wawili wawili. La tatu, lililo zito, lilikuwa la baba wa nyumba, peke yake, maana mama hulala kitanda kingine pamoja na mtoto mchanga. Wala baba huyu si mtu mbaya. Ni mpole, hanywi pombe, huja kanisani, na mkewe alipougua alilia kama mtoto. Hakuwahi kuwaza tu. Nami nilipomsifu mkewe kwa kukosa blanketi sikuwaza kuuliza liko kwa nani.

Nalirudi nyumbani kwangu na mawazo hayo. Usiku ule kulikuwa na kuku mezani kwa ajili ya mgeni. Nikatazama sahani yangu, nikaona paja na firigisi, kama siku zote. Nikatazama sahani ya mama watoto, nikaona shingo na miguu. Nikamwuliza, "Mama, wewe wapenda shingo?" Akacheka hata mgeni akashangaa, akasema, "Miaka kumi na tisa, leo ndiyo wauliza."

Najua neno atakalonijibu msomaji. Atasema, Mchungaji, upendo ni kujinyima. Ukiondoa kujinyima umebakiza nini katika upendo? Nami sikatai. Nchi ya Uzigua imejua njaa nyingi, na wazee wetu wanazo habari za mama aliyekunywa maji matupu ili mtoto apate kibaba cha mwisho cha unga. Mbele ya mama kama huyo mimi navua kofia, wala sina la kumfundisha. Lakini siku ya njaa ni siku moja, na desturi ya miaka ni jambo lingine. Ukitaka kuzitenga, tazama sahani za wengine. Kama nyumba nzima yakosa, basi mama ajinyimaye ni mwenzi katika msiba. Kama baba ana chai ya sukari, na watoto wana uji, na mama peke yake ana ukoko wa chungu, hapo hakuna njaa. Hapo pana mgawanyo, na aliyegawiwa kidogo ndiye aliyepika. Kisha sisi tulioshiba twasimama na kumwita mtakatifu. Sifa ya namna hii ni rahisi sana kwa mwenye kuitoa.

Wengine hudhani kwamba kuutunza mwili ni mambo ya dunia, na kwamba imani haihesabu kikohozi. Basi wakumbuke habari za Martin Luther. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Wengi walikimbia, yeye alibaki pamoja na mkewe Katharina, aliyekuwa mja mzito, na wagonjwa wakatunzwa nyumbani mwao. Akawaandikia ndugu wa Breslau waliomwuliza kama ni halali kukimbia. Aliwaonya wale wanaowaacha wagonjwa bila msaada. Lakini aliwaonya vilevile wale wanaodharau dawa na kujitia hatarini wakidhani kwamba ndiyo imani. Kwa mawazo yake, watu hao humjaribu Mungu, na asiyeulinda mwili wake yu karibu na kujiua mwenyewe. Twafundisha amri ya tano kila mwaka katika darasa la kipaimara, na watoto hujibu vizuri kwamba imetupasa kumsaidia jirani katika mahitaji ya mwili wake. Sijamsikia mwalimu akiuliza kama mwili wa mama umo katika amri hiyo.

Tena fikirini habari za Eliya alipolala chini ya mti jangwani akitamani kufa. Malaika hakuanza kwa kumhubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha mara ya pili. Maneno yalikuja baadaye.

Wala tusiseme kwamba akina mama hawajui mambo ya siha. Kati ya mwaka 2009 na 2014 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwa watoto katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na Korogwe palikuwa kimojawapo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri chanjo hiyo itumike kwa watoto wa nchi zenye malaria nyingi. Habari hizi huandikwa kwa majina ya wataalamu, na hiyo ni haki yao. Walakini watoto wadogo hawaendi kliniki kwa miguu yao. Mama zao waliwabeba, wakangoja, wakarudi tena siku waliyoambiwa. Basi mama ajua siku ya kliniki, ajua dalili za homa, ajua kwamba mtoto apumuaye haraka hangojwi hata kesho. Mama huyo huyo akipata homa yeye mwenyewe humeza vidonge viwili vya dukani, akachukua jembe. Ujuzi anao, alilokosa ni ruhusa, nasi wa nyumbani mwake ndio tunaomnyima.

Ruhusa yenyewe nayo ina gharama. Nalinena haya katika mkutano wa akina mama upande wa Handeni, nikawaambia walale wanapougua. Bibi mmoja, mwenye umri wa mama yangu, akasimama akasema, "Mchungaji, umesema vema. Mimi nikilala, maji atachota nani? Wewe?" Wote wakacheka, nami nikacheka, lakini sikuwa na jibu. Maana maji ya Handeni hutoka mbali. Mradi uitwao HTM, wa tangu miaka ya 1970, huyavuta kutoka Mto Pangani katika wilaya ya Korogwe na kuyasukuma kwa mabomba kupanda hata Handeni. Bomba likikauka, au kijiji kikiwa mbali na bomba, ndoo hurudi kichwani, na kichwa chenyewe twakijua ni cha nani. Mahubiri yangu juu ya kupumzika hayakuwa na ndoo hata moja ndani yake.

Nakumbuka pia habari za jikoni, kwa sababu katika siku za baridi watu huziba madirisha kwa magunia, na moshi hukosa njia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majiko ya nyumbani uliwaua watu wapatao 3,200,000 duniani. Nani huketi katika moshi huo saa nyingi kuliko wote, kama si mama na mtoto aliye mgongoni mwake? Serikali yetu mwaka 2024 ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia, yenye shabaha ya kuwafikia Watanzania 80 katika kila 100 ifikapo mwaka 2034. Lakini kutoboa tundu la moshi juu ya ukuta hakungoji mkakati. Baba mwenye tindo aweza kulimaliza kabla ya chakula cha mchana. Tena nawasihi sana wasomaji wangu, msiingize jiko la mkaa chumbani mnamolala ili kupata joto. Sumu yake haina harufu wala rangi, na mtu husinzia asiamke.

Baada ya mkutano ule nalipeleka swali la yule bibi katika baraza la wazee wa usharika. Mazungumzo yalikuwa marefu, na sehemu kubwa haikuwa na maana. Mmoja alisema mambo ya nyumbani si ya baraza. Mwingine akasema tukianza hivi wanawake watakuwa wavivu, naye alisema hayo akiwa amevaa shati lililopigwa pasi na mkewe asubuhi ile. Mzee wa tatu hakusema neno. Juma lililofuata mkewe alishikwa na homa, naye akafunga madumu manne kwenye baiskeli akaenda kisimani. Vijana waliokuwako wakamcheka, wakamwuliza kama siku hizi ameolewa. Akajaza madumu yake, akawajibu, "Mama yenu amelala," akapanda baiskeli. Namtaja kwa kuwa tangu siku ile nimewaona wengine wawili katika njia ile, wakienda mapema kidogo kabla ya watu kuamka.

Kwa upande wangu, nalitaka kuyarekebisha maneno yangu ya Juni mahali pale pale nilipoyasemea. Mwezi wa Agosti yule mama alirudi kanisani. Alikuwa amekonda, amejifunga shuka zito jipya, na binti yake alikuwa karibu naye. Kabla ya ibada nalikwenda kumsalimu, nikamwambia kwamba leo nataka kusema neno juu yake mbele ya watu, ili kuondoa kosa langu. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Mchungaji, nakuomba, safari hii usinitaje."

Sikumtaja. Nalihubiri juu ya Eliya, naye alisikiliza mpaka mwisho pasipo kukohoa.