Asali, Karafuu na Ngozi ya Mtoto

Neno "asili" limepata heshima kubwa. Hapa Kirumba, kati ya magunia ya dagaa ya Mwaloni na vibanda vya vipodozi, mama mwenye watoto hununua chupa ya asali na kichupa cha mafuta ya karafuu au ya mkaratusi, akiambiwa awapake watoto wote bila wasiwasi, maana vitu vya asili havidhuru.

Mama huyo ana hoja yake, wala tusimcheke. Amewaona majirani walioharibiwa nyuso na mkorogo, naye amechoka kudanganywa na maandishi ya kwenye makopo. Tena asali si kitu cha kudharauliwa. Ina maji machache na ukali kidogo unaowanyima vijidudu nafasi, ndiyo maana hospitali nyingine hufungia vidonda kwa asali iliyosafishwa maalumu. Nayo karafuu ya Pemba hutoa mafuta ambayo madaktari wa meno huyatumia kutuliza maumivu.

Lakini swali langu ni hili: je, asili ya kitu ndiyo wema wake? Zebaki nayo ni ya asili, imetoka ardhini. Wachimbaji wadogo wa Geita hukamatia dhahabu kwa zebaki, na zebaki hiyo hiyo ndiyo iliyotiwa katika sabuni na krimu za kung'arisha ngozi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika habari za wagonjwa wa figo, wengi wao wakiwa watumiaji wa krimu hizo. Kwa upande mwingine, mafuta ya karafuu yasipochanganywa na mafuta mengine huweza kuunguza ngozi. Mafuta ya mkaratusi karibu na pua ya mtoto mchanga huweza kumbana pumzi. Na asali, hata ikiwa safi namna gani, mtoto wa chini ya miezi 12 hapaswi kuilamba, kwa sababu huweza kubeba vijidudu vyenye sumu ya kulegeza misuli.

Basi asili haitoshi kuwa kipimo. Mimi napima kwa maswali mawili. Kwanza, je, tunaitunza ngozi au tunaisahihisha? Anayempaka mtoto ili awe mweupe humfundisha kwamba alizaliwa na kosa, hata kama alichopaka ni asali tupu. Pili, ni nani atakayebeba madhara? Mtu mzima akijaribu mafuta mapya mkononi mwake, ngozi ni yake na kauli ni yake. Mtoto hakuulizwa. Ngozi yake tumepewa amana, na mwenye kushika amana hafanyi majaribio nayo.

Fikiri juu ya mtoto mwenye ualbino katika jua hili la ziwani. Asali haimkingi na saratani. Anachohitaji ni kofia pana, mikono mirefu, na losheni ya kukinga jua kama ile iliyoanza kutengenezwa Moshi kwa ajili ya watu kama yeye. Kumpa asali badala ya hivyo ni kumpenda nusu.

Upendo wa mzazi haupungukiwi na nia. Mara nyingi hupungukiwa na kuuliza. Kwa hiyo kuuliza, kabla ya kupaka, ni sehemu ya upendo wenyewe.