Amana Ndani ya Kopo: Je, Yafaa Kuzipiga Picha Sarafu Tulizozihifadhi?

Katika somo la asili ya maneno, mwanafunzi mmoja wa hapa Gitega aliniuliza swali ambalo sikulitazamia. Nilikuwa nimekwisha kueleza kwamba neno "hela" la Kiswahili, na neno "amahera" ambalo Warundi hulitumia kwa maana ya fedha, yote mawili yametokana na "heller", sarafu ndogo ya Wajerumani waliotawala nchi hizi hadi mwaka 1916. Nikaongeza kuwa tangu mwaka 1904 rupia moja ya Wajerumani iligawanywa katika heller 100, ilhali kabla ya hapo iligawanywa katika pesa 64. Ndipo kijana yule akasema: "Mwalimu, neno hilo tunalitamka sokoni kila siku. Je, hiyo hela yenyewe ilikuwa na sura gani?"

Mahali pa kuipata nilipajua. Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa na duka dogo katika mji wa Muyinga, aliniachia kwa wosia kopo la maziwa ya unga lililojaa sarafu kuukuu. Kopo lenyewe lilikuwa bado kwa mkaza mjomba, na mimi sikuwahi kulidai. Nilidhani kazi iliyonikabili ni nyepesi: nitapanda gari kwa njia ya Karusi, nitafika Muyinga, nitazipiga picha zile sarafu kwa simu, kisha nitarudi kuwaonyesha wanafunzi. Kumbe nilikuwa nakwenda kukutana na swali gumu kuliko lile la mwanafunzi. Swali hilo ndilo ninalopenda kuwatolea walimu wenzangu katika kurasa hizi: mtu aliyehifadhi kitu cha kale, je, ana haki ya kukitoa picha kionwe na watu? Na iwapo anayo haki hiyo, aitumie kwa namna gani?

Kwanza nitaje kilichokuwamo. Mlikuwa na heller ya shaba yenye taji upande mmoja na shada la majani upande wa pili. Mlikuwa na faranga 2 ya Kongo ya Kibelgiji ya mwaka 1943, yenye pembe sita na picha ya tembo. Mlikuwa na faranga ya aluminiamu ya mwaka 1957, yenye mchikichi, iliyoandikwa majina ya Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi kwa pamoja. Na faranga ya mwaka 1961 yenye simba, iliyotolewa na benki moja kwa ajili ya Rwanda na Burundi. Mlikuwa na faranga ya mwaka 1965 yenye jina la Ufalme wa Burundi, mwaka mmoja tu kabla ya ufalme wenyewe kuondolewa mnamo Novemba 1966, na faranga 5 ya Jamhuri ya mwaka 1980. Tena zilikuwamo sarafu zilizovuka mpaka kutoka Tanzania: shilingi ya mwaka 1966 yenye sura ya Mwalimu Nyerere, na senti 10 za kikoloni zenye tundu katikati. Mtoto akizipanga juu ya meza kwa kufuata miaka, ataona tawala nne zikipita mbele ya macho yake, na kila moja ikiahidi kudumu.

Mkaza mjomba alinipokea vizuri, akanipa chai, akalileta kopo. Nilipotoa simu aliuweka mkono wake juu ya kifuniko. "Mwanangu," akasema, "vitu hivi vimepona kwa sababu havikuonekana. Leo wewe wataka vionekane?"

Sikuwa na jibu, kwani historia ya kopo lile naijua. Mnamo Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa na nchi kuingia katika machafuko, mjomba na watu wake waliihama nyumba usiku na kuvuka mpaka kuelekea Ngara. Kabla ya kutoka, mjomba alilifukia kopo chini ya mafiga ya jikoni. Waliporejea baada ya miaka mingi, mabati yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa, milango pia. Lakini chini ya majivu ya kale kopo lilikuwapo. Kwa mama huyu, kuficha ni hekima aliyoijaribu na ikamfaa.

Tusiidharau hoja yake. Mwenye kutangaza alicho nacho huwaalika wezi pamoja na wageni. Tena kuna ubaya wa majivuno: sarafu ambayo haiwezi kununua hata kibiriti dukani, ikishapigwa picha na kupitishwa kutoka mkono hadi mkono, humfanya mwenyewe aonekane tajiri mbele ya jirani ambaye hana chumvi. Wahenga nao wametuonya kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Zaidi ya hayo yote kuna jambo la amana. Siri za nyumba huwa ni za nyumba nzima. Mrithi hakukabidhiwa ili azitembeze.

Hata hivyo, wahenga hao hao wamesema kuwa mficha uchi hazai. Kitu kilichofichwa kabisa hufa siku anapokufa aliyekificha. Nitoe mfano wa mbali unaotuhusu sisi watu wa Kiswahili. Mnamo mwaka 1944, askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa katika mchanga wa kisiwa kimojawapo cha Wessel, kaskazini mwa nchi ile. Tano kati yake zilikuwa sarafu za shaba za Kilwa! Alizihifadhi kwa miaka mingi, na mwaka 1979 akazipeleka zichunguzwe na wataalamu. Jambo ninalotaka tulitazame ni hili: askari yule alikuwa ameweka alama katika ramani kuonyesha mahali alipoziokota. Kwa sababu ya alama ile moja, watafiti waliweza kurudi katika pwani ile mwaka 2013 wakiuliza sarafu za Kilwa zilifikaje huko. Lau angaliziweka sarafu mfukoni asiseme neno, leo tungalikuwa na vipande vitano vya shaba visivyo na la kusimulia.

Hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba katika kila sarafu ya kale mna mali mbili. Ya kwanza ni madini, nayo ni ya mrithi. Anaweza kuyafungia kabatini akipenda. Ya pili ni habari, na hiyo si yake peke yake. Heller ile haikutengenezwa kwa ajili ya mjomba wangu. Kabla ya kumfikia ilipita katika mikono ya watu tusiowajua, waliolipia kodi na kununulia chumvi, nao hawakuacha alama nyingine duniani ila kule kulika kwa kingo za shaba. Mwenye kuzuia habari hiyo isijulikane huwadhulumu wasioweza kumdai. Kwa hiyo picha, kwa maoni yangu, yaruhusiwa. Na pengine yawajibika.

Yote haya nilimweleza mkaza mjomba kwa upole. Alinisikiliza, kisha akaitoa heller peke yake, akaiweka katika kiganja chake na kuniambia niipige picha moja hapo barazani. Picha yenyewe haikuwa nzuri: mkono wake ulitikisika, na kivuli changu kilifunika robo ya sarafu. Akaniruhusu pia niichukue heller nikawaonyeshe wanafunzi Gitega, kwa sharti la kuirudisha.

Sasa sina budi kuungama kosa langu. Nilipofika nyumbani niliitazama ile sarafu, nikaona ni nyeusi na haipendezi. Nikasema moyoni: nitawezaje kuwaonyesha vijana kitu kama hiki? Nikakata limau, nikachukua majivu, nikaisugua mpaka ikang'aa. Nikaipiga picha nzuri sana, yenye kumetameta. Siku ya pili niliionyesha darasani, na yule mwanafunzi aliyeuliza swali akaigeuza mkononi mwake, akasema kwa adabu: "Mwalimu, mbona hii ni kama imetengenezwa jana?"

Alisema kweli. Ile rangi ya hudhurungi iliyokaa juu ya shaba kwa zaidi ya miaka 100, nilikuwa nimeiondoa kwa dakika tano, wala hapana dawa ya kuirudisha. Katika dunia nzima rangi ya heller ile ya mjomba imebaki mahali pamoja tu: katika ile picha mbaya niliyoipiga barazani, ndani ya kiganja cha mjane wake.

Nilirudi Muyinga kuungama. Nilitazamia aseme, "Si nilikuambia?" Aliigeuza sarafu mara mbili, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Picha haikuiharibu. Umeiharibu kwa kutaka ipendeze."

Waama, katika vitabu vyote nilivyosomeshwa chuoni sijapata kuona suala hili likielezwa kwa maneno machache kuliko hayo. Apigaye picha kitu cha kale yu katika nafasi ya shahidi. Shahidi haulizwi kama maneno yake ni matamu. Huulizwa kama ni ya kweli. Na kutokana na jambo hilo moja, kanuni zote za namna ya kupiga picha zafuata zenyewe, kama nitakavyojaribu kuonyesha.

Sarafu isisuguliwe wala isioshwe kwa limau, majivu au dawa yoyote. Ikiwa ina vumbi, ipulizwe tu. Ishikwe kwa kingo, kwa kuwa jasho la vidole huacha alama juu ya shaba. Iwekwe juu ya kitambaa kisicho na nakshi, karibu na dirisha lisilopigwa na jua kali, ili mwanga uijie kwa ubavu. Mwanga wa ubavuni huinua maandishi yaliyolika, lakini ule wa taa ya simu huyafuta kwa kumeremeta. Sarafu za aluminiamu hung'aa mno, hivyo ni vyema kukinga mwanga kwa karatasi nyeupe nyembamba. Simu ielekezwe kutoka juu kabisa, wima, kwani ikiinama kidogo tu duara hugeuka yai. Tena isisogezwe karibu mno, isije ikaitia sarafu kivuli. Afadhali kusimama mbali kidogo na kuikata picha baadaye. Rula iwekwe kando ili ukubwa ujulikane. Pande zote mbili zipigwe, hata ule uliokwaruzika. Maana mwenye kuonyesha upande mzuri peke yake amesema nusu ya ukweli.

Picha nayo haitoshi pasipo maneno. Riale ya Maria Theresa, iliyotumika sana katika biashara ya pwani yetu, imeandikwa mwaka 1780 hata zile zilizopigwa chapa zaidi ya karne moja baada ya malkia huyo kufa. Picha iliyo safi namna gani haiwezi kuusahihisha mwaka huo. Kwa hiyo chini ya kila picha paandikwe: sarafu imetoka kwa nani, ilipatikana wapi, na imefanyiwa nini. Chini ya picha ya heller nimeandika kwa mkono wangu: "Imesuguliwa na mwalimu kwa kutojua. Rangi yake ya asili tazama picha ya kwanza." Yaniaibisha, lakini ndiyo kweli.

Na ile hofu ya wezi? Jibu lake ni busara ya kawaida. Habari ya sarafu yaweza kutolewa pasipo kutaja nyumba ilimo. Wenye simu za siku hizi wakumbuke pia kwamba simu yaweza kuandika ndani ya picha mahali ilipopigiwa. Jambo hilo lizimwe kabla ya kazi kuanza.

Hatimaye mkaza mjomba alikubali nizipige picha sarafu zote, isipokuwa moja. Aliiondoa kwa mikono yake: zile senti 10 zenye tundu. Ndani ya tundu mlikuwa bado na kipande cha uzi. Kitinda mimba wake aliivaa shingoni walipokuwa ukimbizini, na hakurudi nao. "Hii," alisema, "si ya kuonyeshwa."

Sikubishana naye. Nilikuwa nimekwisha kujenga hoja kwamba habari za sarafu ni za watu wote, na hoja hiyo sijaiacha. Lakini habari ya senti zile mwenyewe yu hai, na ndiye anayekataa. Haki ya wasiojulikana haiwezi kutangulia machozi ya anayejulikana. Alichoniruhusu ni kuyasema haya niliyoyaandika hapa, basi. Katika orodha yangu nimeacha nafasi yake wazi, nikaandika: "Senti 10, Afrika ya Mashariki. Haikupigwa picha." Sikuifuta namba, kwa sababu kuifuta kungekuwa uwongo, wala sikuijaza, kwa sababu kuijaza kungekuwa khiana.

Walimu wenzangu, naamini katika nyumba nyingi za wanafunzi wetu mna kopo kama lile. Tuwatume vijana wakawaulize wazee wao, waombe idhini, wapige picha kwa uaminifu, kisha waandike kwa Kiswahili fasaha mistari mitano chini ya kila picha. Watajifunza msamiati, watajifunza historia. Na akija mmoja na ukurasa wenye nafasi tupu, akasema bibi yake amekataa, tusimpunguzie alama.