Ziokote Hizo Mbegu

Jana usiku ulikula nini?

Usinifiche. Ulikula cherimoya. Uliikuta dukani, imeletwa kutoka pwani ya Granada huko Hispania, ukailipia bei ya kuumiza moyo, ukaipasua jikoni kwako London huku mvua ikichapa dirisha. Ulipoonja tu ukaruka: hili topetope hili! Ukakumbuka kwa bibi. Ukakwangua ganda kwa kijiko. Halafu zile mbegu nyeusi zinazoteleza ukazikusanya kiganjani na kuzimwaga kwenye pipa la taka.

Umetupa shamba.

Kwa nini?

"Hapa baridi." Naijua hiyo. Hapa baridi, hapa hakuna jua, hapa nyumba ya kupanga, hapa balkoni yenyewe upana wa mkeka. Una miaka mingapi unaimba wimbo huo? Ungepanda mwaka ule uliposhuka kwenye ndege na koti la kuazima, leo ungekuwa unawagawia majirani.

Baridi si habari mpya! Louis wa 14 wa Ufaransa alitaka michungwa Versailles, na Versailles theluji inaanguka. Alifanyaje? Kati ya 1684 na 1686 akajengewa ukumbi wa kuta nene na madirisha marefu yanayotazama kusini. Michungwa ikapandwa kwenye masanduku ya mbao. Baridi ikija, masanduku yanaingizwa ndani. Jua likirudi, yanatolewa nje. Mpaka leo yanaingia na kutoka.

Utaniambia yule alikuwa mfalme. Haya, chukua mtu wa posta. Russ Finch, mgawa barua mstaafu wa mji wa Alliance, Nebraska, huko Marekani, mahali ambapo usiku wa Januari unaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Alifukia mabomba kama mita mbili na nusu ardhini, ambako udongo hauna habari na theluji, akaweka feni ya kuzungusha hewa ya huko chini ndani ya banda lake la mimea. Akavuna machungwa. Machungwa, Nebraska!

Mfalme alikuwa na ukumbi. Mgawa barua alikuwa na mabomba. Wewe una radieta, una dirisha, na taa ya kuoteshea mimea inauzwa bei ya jozi ya viatu. Unakosa nini?

Unakosa kuanza.

Sikwambii uanze na mstafeli, ndugu wa cherimoya. Mstafeli ni mtoto aliyedekezwa. Kwetu Tanga ulikuwa nyuma ya choo na hakuna aliyewahi kuumwagilia maji, lakini huku usiku mmoja wa nyuzi 5 unaununisha, na barafu ikiugusa, umekwenda. Anza na cherimoya. Huyu ni mzoefu wa milima ya Andes. Usiku wa baridi anaujua. Joto la pwani ya kwetu ndilo linalomshinda. (Na wewe wa Njombe unayesoma huku unawacheka watu wa Ulaya, funga mdomo. Wewe una ardhi, hata ndoo huihitaji. Umepanda?)

Loweka mbegu siku nzima. Zifukie sentimita mbili kwenye udongo unaopitisha maji, ndani ya chombo kirefu, maana mzizi wake una haraka ya kwenda chini. Weka mahali pa joto. Kisha acha kufukuafukua! Wiki nne, wiki sita, unaona udongo mtupu. Vumilia.

Baada ya hapo kazi ni ndogo, ila haina likizo. Majira ya joto mti utoke nje, lakini kidogo kidogo, saa moja leo, mbili kesho, la sivyo jua litayababua majani yaliyolelewa ndani. Majira ya baridi urudi ndani, dirisha la kusini, na taa ya kuongezea, kwa sababu mchana wa London katikati ya Desemba hautimizi hata saa 8. Usiubandike kwenye radieta, hewa kavu huleta utitiri. Maji kidogo. Kidogo! Mti wa ndani huuawa na huruma ya mwenyewe kabla baridi haijapata zamu.

Sasa nikwambie kosa langu. Mwaka wa pili, mwezi Machi, mti wangu uligeuka manjano na kudondosha majani yote. Fimbo tupu ndani ya ndoo. Nikasema, hapa baridi, si nilisema? Nikaung'oa. Nilipoushika mkononi ndipo nikaona: pale kila jani liliposhikilia, pana kinundu kidogo chenye manyoya ya kahawia. Nikakikwangua kwa ukucha. Kibichi ndani! Cherimoya hulificha chipukizi chini ya kikonyo cha jani, na chipukizi halitoki mpaka jani lidondoke.

Mti ulikuwa unaamka. Aliyelala ni mimi.

Wewe umeng'oa vingapi vilivyokuwa vinaamka?

Na ua likija, usijidanganye kwamba umefika. Ni ua la ajabu: nene, la kijani, petali tatu ndefu kama vidole, lenye harufu ya tunda lililoiva. Leo ni jike, limepasua midomo kidogo tu. Kesho alasiri ni dume, limetanuka na kumwaga chavua. Haliwezi kujioa lenyewe. Kwao kuna vijidudu vya kazi hiyo; sebuleni kwako havipo.

Mdudu ni wewe.

Kamata brashi ndogo ya kuchorea. Jioni, kung'uta chavua ya ua lililotanuka ndani ya kikopo, kikopo kiingie friji. Kesho yake tafuta ua lililoanza kupasua midomo, penyeza brashi katikati, zungusha taratibu kama unayempaka mtoto wanja. Kisha ua jingine. Kisha jingine. Unaona haya? Wakulima wakubwa nao hufanya hivyo hivyo, ua kwa ua, na huenda ndivyo lilivyopatikana lile ulilokula jana.

Tunda utalionja baada ya miaka minne, mitano. "Mingi!" Mingi kwa nani? Itapita tu, uwe na mti au usiwe nao. Na usinitajie kwamba subira yavuta heri. Aliyepanda anasubiri tunda. Wewe unasubiri nini?

Gari la taka linapita lini mtaani kwako? Kesho asubuhi? Basi mbegu zako bado zipo, chini ya majani ya chai na maganda ya mayai. Vaa kandambili. Funua pipa.