Je, Mkristo Anywe Dawa ya Mizizi?



Wakristo wa pwani hii, tangu Bagamoyo hata Saadani na Pangani, hutuuliza mara kwa mara: Je, ni halali Mkristo kunywa dawa ya mizizi? Wako wajibuo upesi ya kuwa ni mambo ya giza, kisha usiku hunywa wao wenyewe. Wako na wasemao ya kuwa kila kiotacho ni kipaji cha Mungu, kwa hiyo hakiwezi kudhuru. Sisi twaona ya kuwa wote hawa wamejibu pasipo kufikiri.

Mzizi wenyewe si dhambi. Nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia, wala hakuona haya kuchanganya dawa na maombi. Hata kwinini ya hospitali asili yake ni gome la mti. Kule Amani, katika milima ya Usambara, Wadachi waliipanda miti hiyo. Na katika vita vya 1914 hata 1918, walipozuiliwa njia ya bahari, walitengeneza kwinini kwa magome yake. Lakini kwinini hiyo hiyo ikizidi kipimo huvumisha masikio, tena yaweza kuharibu macho na moyo. Kitu chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kudhuru pia.

Tukumbuke na habari ya wanafunzi wa Elisha wakati wa njaa. Mmoja wao alichuma matango ya mwitu asiyoyajua, akayatia chunguni. Walipoonja wakalia ya kuwa mna mauti ndani. Kijana yule hakuwa mwovu. Alitaka kuwalisha ndugu zake, ila alichuma asichokijua.

Jambo hili lilikuja karibu nasi. Mwaka 2010 Mchungaji Ambilikile Mwasapile, mstaafu wa Kanisa letu la Kilutheri, alianza kutoa kikombe cha dawa katika kijiji cha Samunge, Loliondo. Alisema Mungu amemwonyesha katika ndoto mti uitwao mugariga. Mizizi yake ilichemshwa, na kila mgonjwa akanywa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Mwaka 2011 watu walikwenda kwa maelfu, hata wa huku pwani, na safu ya magari ikawa ndefu mno. Wengine walifia njiani wakingoja. Wataalamu wa serikali waliipima dawa, wasione sumu katika kiasi kile alichotoa. Lakini kutokuwa na sumu si kuponya. Wako wagonjwa wa UKIMWI na wa kisukari walioacha dawa za hospitali kwa sababu ya kikombe, na ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Mzee yule alifariki mwaka 2021. Sisi hatumhukumu, bei yake haikuwa bei ya mtu atafutaye utajiri.

Lakini neno moja lililosemwa siku zile latuhuzunisha hata leo. Mtu asipopona, watu walisema, “Hakuwa na imani.” Hivyo mgonjwa alitwikwa mizigo miwili, ugonjwa na aibu. Basi na tuutazame mti uitwao msunguti, ambao ni wa jamaa moja na mugariga. Wawindaji huchemsha miti na mizizi yake wapate sumu ya mishale, isimamishayo moyo wa mnyama. Sumu ile haiulizi imani ya mtu: aaminiye na asiyeamini hufa vilevile. Mugariga una miiba, na msunguti hauna. Lakini mizizi ikiisha kukatwa na kukaushwa, miiba iko wapi ya kumwonya mnunuzi sokoni?

Na sisi wenyewe tunalo kosa la kuungama. Mama mmoja katika usharika wetu alikuwa na shinikizo la damu. Tulipomzuru tuliona chupa ya maji ya mizizi kando ya kitanda, na vidonge vyake vya hospitali vimefungwa katika kitambaa. Tulielewa, wala hatukuuliza, maana dada yake aliyeileta chupa alikuwa ameketi pale, nasi tuliona haya kumfedhehesha. Tuliomba, tukaaga. Baada ya majuma machache alipatwa na kiharusi, na hata leo mkono wake wa kuume hauinuki. Hatuwezi kusema ya kuwa mzizi ndio uliomwangusha. Twajua tu ya kuwa vidonge alikuwa ameviacha, nasi tuliona tukanyamaza. Adabu ya pwani ni njema, lakini adabu inyamazayo mbele ya hatari haistahili kuitwa upendo.

Iko njia iliyo bora. Huko Pangani na Tanga, tangu miaka ya 1990, waganga wa miti shamba na madaktari wa hospitali walishirikiana kuwatunza wagonjwa wa UKIMWI. Na sheria ya nchi ya mwaka 2002 huwatambua waganga wa tiba asili walioandikishwa. Mganga mwaminifu haogopi kuulizwa.

Basi, ninyi waalimu wa Injili, mkiingia katika nyumba ya mgonjwa, msianze kwa kukemea, maana akikemewa ataificha chupa. Ulizeni kwa upole: Mzizi huu ni wa mti gani? Nani anayeujua? Wanywa kiasi gani? Je, daktari amekwisha kuambiwa? Maana iko mizizi ishushayo sukari au shinikizo la damu, na ikikutana na vidonge vifanyavyo kazi ile ile, mtu huzimia. Na aliye mja mzito aonywe zaidi.

Kisha ombeni pamoja naye. Lakini msiondoke kabla ya kuuliza vidonge viko wapi.